Kioo cha Kamera ya Marehemu

Jumatatu, 3 Juni
Mama ametuita mimi na mdogo wangu, akaitoa kabatini kamera ya filamu ya marehemu Baba. Amesema hawezi kuikata vipande viwili. Basi tumpige picha, filamu moja, nusu yangu na nusu ya mdogo wangu. Atakayempiga picha nzuri kama Baba alivyokuwa akimpiga ataichukua. Mashindano! Mimi, mpiga picha wa pasipoti miaka kumi na moja, nishindane na mdogo wangu, fundi cherehani! Watu humwita Mpole. Hajawahi kunikosea, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

Mimi nitakaa nayo kwanza, hadi Alhamisi. Ukubwa ni jalala, lakini leo umenifaa.

Jumanne, 4 Juni
Nimechungulia kwenye kidirisha cha kulengea. Ukungu mtupu! Kamera hii humwonyesha mtu mara mbili, yeye na kivuli chake. Unazungusha lenzi mpaka viwili viwe kimoja, hapo picha inatoka safi. Lakini kwa uchafu ule, kivuli kinaonekana kwa mbinde.

Nimepata wazo. Nitasafisha kidirisha king'ae, kisha nimpe Mama achungulie mwenyewe. Atalia. Atanipa kamera hata kabla ya picha.

Nimemdokezea fundi saa aliye jirani na ofisi yangu. Akasema vumbi la kamera hupulizwa, halifutwi. Yeye ana saa tatu ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Aniambie mimi!

Jumatano, 5 Juni
Skrubu nne, bisibisi ya miwani, nusu saa. Mikono ya daktari! Vioo vya nje nimevifuta kwa pamba na spiriti, vikang'aa. Ndani nimekuta kioo kidogo kama ukucha, kimekaa mshazari, cha manjano. Moshi wa sigara za Baba! Nikakisugua. Manjano yote yakahamia kwenye pamba. Nikajipongeza kwa soda.

Nikafunga, nikachungulia. Kweupe pe! Naona mpaka kunguru juu ya bati la jirani. Kunguru mmoja. Nikazungusha lenzi. Bado mmoja. Nikaelekeza kwenye mlango, kwenye ndoo, kwenye waya wa nguo. Kivuli hakuna.

Nimekaa kitandani na pamba mkononi. Ule haukuwa moshi. Yale manjano ndiyo yaliyokuwa yakileta kivuli.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetafakari, nikafurahi. Mpole naye atapokea kamera hiihii! Mimi nina jicho la miaka kumi na moja. Yeye ana nini?

Nimempiga Mama picha kumi na nane, kwenye kiti chake, pazia nyuma yake, umbali nikiukadiria kwa jicho. Mama akauliza mbona sizungushizungushi lenzi kama Baba. Nikamwambia bingwa hahitaji. Wakati wa kumkabidhi Mpole sikusema neno. Ameshukuru. Ameniambia kidirisha kimekuwa kisafi ajabu. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi Mpole kanipigia simu. Haoni kivuli, je, mimi nilikiona? Nikamwambia nilikiona vizuri sana, labda kutunga sindano kumemharibu macho. Akakubali! Akaniomba radhi kwa usumbufu!

Mchana nikapita kwa Mama, kumsalimu tu. Nikamkuta Mpole amepiga magoti na ile futi yake ya kupimia watu suruali. Ncha moja kwenye kamera, nyingine kwenye pua ya Mama. Anasoma futi, anaweka umbali uleule kwenye namba za lenzi, anapiga. Mama anacheka kwa kutekenywa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Ile si sanaa, ni ushonaji.

Ijumaa, 14 Juni
Picha zimetoka. Zangu kumi na nane: pazia limeonekana uzi kwa uzi, Mama ni moshi. Za Mpole: kila kunyanzi mahali pake, hata kovu la kidevuni. Mama ameishika moja kwa muda mrefu. Nikaeleza kwamba siku yangu mwanga ulikuwa mbaya.

Jumapili, 16 Juni
Maji yamezidi unga. Mpole, na kiherehere chake, aliipeleka kamera kwa fundi kamera. Fundi amesema kuna mtu amekisugua kioo cha ndani, rangi yake imekwisha, na vioo vya aina ile havitengenezwi tena. Mama akauliza ni nani. Mpole akatazama viatu vyake. Nikasema labda marehemu, si alipenda kusafishasafisha?

Mama akasema marehemu, miaka yote thelathini, hakukigusa kidirisha kile kwa kitu chochote ila pumzi yake. Akasema kamera yeye mwenyewe alishaniwekea mimi, kifungua mimba wake. Picha zilikuwa kisingizio cha kutuona nyumbani sote wawili. Angenipa hata na picha za moshi. Hata na kioo kilichoharibika, kama ningesema tu kwamba ni mimi. Akaiweka kamera mikononi mwa Mpole. Mpole analia, mjinga yule.

Nimerudi kwa miguu. Inauma, sitaficha. Nimejihoji njia nzima, bila kujipendelea, na kosa langu nimeliona. Nilimsingizia marehemu, na marehemu ana mjane wa kumtetea. Mpole hana mke. Ningemsingizia yeye.