Kitabu cha Mkunga na Flashi ya Bluu

Jumatatu, tarehe 3

Kompyuta ya mke wangu imekufa. Haijafa kabisa, taa inawaka, inavuma, kisha kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja wa maneno. Ndani yake kuna kitabu chake: miaka thelathini na moja ya ukunga, kurasa mia mbili na kumi alizochapa kwa vidole viwili tangu astaafu. Jumamosi anatakiwa kukikabidhi kwa mpiga chapa. Akasema tumwite kaka yake. Nikasema hakuna haja, kazi ndogo hii. Shemeji alitutengenezea kitasa cha mlango miaka mitano iliyopita, na hadi leo kila akiingia hukizungusha mara tatu huku ananitazama. Sitampa na kompyuta. Mimi ni karani wa masjala. Nimewaona mafundi wa ofisi wakichomeka flashi na mashine inafufuka. Kuna ugumu gani?

Jumanne, tarehe 4

Nimepakua mfumo mpya wa kompyuta ofisini. Faili moja, nene. Limekula siku nzima na mkuu wa masjala amelalamika kwamba intaneti inatambaa. Nikalinakili kwenye flashi yangu mara mbili, kwa tahadhari. Nyumbani nikachomeka, nikawasha. Kioo cheusi. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tena. Kioo cheusi vilevile. Safari hii flashi ilinasa, nikaivuta kwa koleo, sasa ni vipande viwili. Mke wangu aliniletea chai, akauliza inaendeleaje. Nikasema bado inafikiri. Akanipapasa bega, akasema asante kwa kuhangaika. Heri angenigombeza.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwuliza fundi wa ofisi, kwa niaba ya rafiki. Alicheka hadi akakaa chini. Akasema kunakili faili peke yake ni sawa na kuweka pakiti ya unga mezani na kusubiri mkate. Iko programu maalumu ya kuliandika faili lile kwenye flashi, ndipo kompyuta iweze kuwakia humo. Akanionya mambo mawili. La kwanza, chochote kilichomo kwenye flashi kitafutika. La pili lilihusu diski ya kompyuta, ila wakati huo nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa, na mtu hawezi kufanya yote mawili.

Flashi nimepata. Ya bluu, imo kwenye mkoba wa mke wangu. Nitaichukua asubuhi kimyakimya.

Alhamisi, tarehe 6

Kabla ya kuandika, programu iliuliza kama nina hakika, maana vyote vitafutwa. Nikachungulia. Folda moja tu, imeandikwa "Kazi". Mtu amestaafu, kazi ya nini tena? Nikakubali. Ikauliza mara ya pili. Nikakubali, kwa ukali kidogo. Baada ya dakika kumi na mbili ikasema tayari!

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akasema nisijitese sana. Hata kompyuta ikishindikana, nakala ya kitabu anayo kwenye flashi ya bluu. Nikavuta kiti, nikakaa. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni joto. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeomba ruhusa kazini. Mke wangu ameenda sokoni. Nikachomeka flashi, nikabonyeza kitufe alichonielekeza fundi, na ikawaka! Rangi, picha, kila kitu. Kisha yakatokea maneno ya kuchagua: "Jaribu bila kusakinisha", na chini yake, "Futa diski na usakinishe". Diski. Nikalikumbuka lile la pili la fundi, au tuseme nilikumbuka kwamba lilikuwepo. Kitabu sasa kilikuwa kwenye diski hiyo tu, hakina nakala popote duniani, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Niliogopa. Miaka yote ile ya mwanamke mmoja, chini ya kidole changu. Nikampigia shemeji.

Alikuja mbio, hata kitasa hakukigusa. Akachagua la kwanza, akaifungua diski, kitabu kikatokea kizima. Akakinakili kwenye flashi mbili, moja akaitia mfukoni mwake bila kueleza sababu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: kwa mume wangu, aliyeningoja langoni mwa wodi kila zamu na sweta langu mkononi, wala hakuwahi kuuliza kwa nini nimechelewa. Shemeji akajifanya anatafuta miwani. Mimi nililia tu.

Mke wangu aliporudi nilimweleza yote, tangu flashi hadi kidole. Akasema alishajua tangu nilipotaja joto. Katika kazi yake amewaona wanaume wengi wakisema hakuna shida huku mikono inatetemeka. Akasema mficha uchi hazai, na yeye hilo halijui kwa kusikia. Kisha akanifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

Jumamosi, tarehe 8

Nimetumwa kupeleka kitabu. Shemeji alitaka kunisindikiza. Mke wangu akakataa, akanikabidhi flashi yeye mwenyewe, akasema ananiamini. Njia nzima nilitembea nimeishika kwenye kiganja.

Mpiga chapa ni mama mpole. Kompyuta yake nzito ajabu, na fundi wake wiki ya pili haonekani. Nilimwonea huruma. Nimemwambia asihangaike, kazi hii sasa naijua. Amekwenda kula, ameniachia kiti chake. Intaneti yake ina kasi, faili limeshashuka. Flashi ninayo hapa. Nimeichungulia: kitabu kinakaa kwenye kipembe kidogo tu, nafasi tele imebaki, mfumo utaingia pembeni yake na wala hawatagombana. Programu imeuliza kama nina hakika. Nimeijibu ndiyo.