Jinsi ya Kumkalisha Merv Dakika Ishirini

Jumatatu, 8 Julai

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wa Zeehan, walio majumbani na walio makaburini: leo, saa kumi na dakika tano alasiri, mimi Lindsay Purdon nimebadilisha chujio la kifukizo changu. Hakuna bendi iliyopiga. Mvua ilinyesha, lakini hiyo hunyesha hata nisipobadilisha kitu.

Kifukizo ni kile kidude cha mfukoni kinachopasha moto bangi ya kuandikiwa na daktari bila kuiunguza, mtu akavuta mvuke. Changu ni cha maumivu ya mgongo. Cha Merv, tunayegawana naye ukuta, kilikuwa cha maumivu ya magoti. Betri yake ikafa mwezi wa tano. Tangu hapo huja kwangu kila siku saa kumi na majani yake kwenye kopo. Anavuta, tunaisema serikali, anaondoka.

Tatizo: chujio jipya linapitisha hewa kama dirisha lililovunjika. Merv kamaliza kwa dakika nne! Akasema ahsante bwana mdogo, akavaa kofia yake ya sufu, huyo. Saa kumi na robo niko peke yangu. Mpaka wakati wa kulala zimebaki saa tano. Nimezihesabu.

Jumanne, 9 Julai

Mpango! Nimejitolea kumsagia Merv majani yake. Nikayasaga laini kama kahawa, nikayashindilia kwa kitako cha kijiko. Kuvuta kukawa kama kunywa uji mzito kwa mrija. Dakika kumi na mbili! Kati ya mvuto na mvuto akanisimulia habari za mgodini, za marehemu Noreen mkewe, na za mbwa aliyetafuna meno yake ya bandia. Sijacheka hivyo tangu Pasaka.

Akalalamika kwamba kidude kimekuwa kizito. Nikamweleza kitaalamu: majani yakilegea, hewa hupita kando bila kubeba kitu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu inanitosha.

Alhamisi, 11 Julai

Tamaa imenishika. Machujio mawili, na nta ya mshumaa juu ya nusu ya tundu la hewa. Dakika ishirini na mbili! Rekodi!

Ila mashavu ya Merv yaligeuka zambarau. Huyu ni mpiga tarumbeta wa bendi ya mji, mwaka wa arobaini na moja sasa. Wengine hujivunia wajukuu. Yeye hujivunia pumzi. Leo hakusimulia chochote. Aliuliza kama mimi kinanisumbua. Nikavuta mbele yake kwa madaha, nikapuliza hewa tupu, nikasema laini kabisa. Akatikisa kichwa, akasema heri yangu, bado kijana. Nina miaka hamsini na minane.

Ijumaa, 12 Julai

Kila siku saa tatu asubuhi Merv hufanya mazoezi ya tarumbeta. Nami hugonga ukuta kwa kiatu. Naye huzidisha sauti. Ndivyo tunavyosalimiana.

Leo nilisimama na kiatu mkononi hadi saa nne. Ukuta kimya.

Saa kumi hakuja.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemkuta kwenye mapipa ya taka, anatupa madaftari yake ya nyimbo. Akasema mapafu yamekwisha. Vumbi la mgodi limemfikia hatimaye, na kidude changu kimemwambia kabla ya daktari. Tarumbeta ataikabidhi kwa bendi Jumatatu. Kerrin, bintiye anayeishi mji wa Adelaide, ameshamtandikia kitanda. Mwezi ujao anahama.

Akanishika bega. Akasema mimi ni mtu mwema, nimemvumilia sana.

Nikamwambia mvua inaelekea kuendelea.

Alipoingia ndani niliyatoa madaftari pipani, nikayaanika kwenye kiti chake, mengine kwenye changu. Kwangu kuna viti viwili. Nimekula maharage ya kopo nimesimama.

Jumapili, 14 Julai

Mpango safi usio na aibu: kusingizia kiwanda. Nikampelekea madaftari na kifukizo, nikatangaza kwamba nimegundua kasoro ya kiwandani, mapafu yake ni mazima, hongera.

Akaomba akione. Akavaa miwani. Akachokoa tundu kwa pini. Ikatoka nta, nayo ina alama ya kidole changu, wazi kama muhuri wa posta. Kisha likatoka chujio. Kisha chujio jingine.

Akauliza, polepole: wewe bwana, umeniziba?

Nikakubali. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ukimaliza haraka unaondoka.

Aliniita majina ambayo hata wachimbaji wenzake walikuwa wakiangalia kwanza kama mchungaji yupo kabla ya kuyatamka. Panya wa choo ndilo pekee ninaloweza kuliandika. Akanifungia mlango.

Dakika tano baadaye tarumbeta ikaanza. Saa nzima, kali, mdomo wake umeelekezwa ukutani kwangu, nina hakika. Sikugonga.

Jumatano, 17 Julai

Amekuja! Saa kumi kamili, hata salamu hakutoa. Akaamuru nifungue kidude mbele yake. Chujio moja. Majani yasagwe kwa ukubwa wa punje, yasishindiliwe. Akapuliza tundu mwenyewe, kama mkaguzi wa serikali. Dakika nne, kamaliza.

Akakaa mpaka saa moja kasoro! Tumekula mkate wa kuchoma na jibini. Amesema Adelaide haendi. Kerrin atakuja yeye Krismasi, kitanda kile akilalie paka. Amesema pia kwamba mimi bado ni panya.

Siri ya ushindi huu naiandika hapa tu: alipokuwa akivuta, niliikalia kofia yake. Kwa mvua ya Zeehan, mtu hatoki kichwa wazi. Akili!

Ila kusema kweli kabisa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliikalia vibaya. Ukingo wake mwekundu ulichungulia chini ya paja langu muda wote. Merv aliuona mapema. Aliutazama mara mbili, kisha akaomba chai nyingine. Na alipotaka kwenda hakuuliza kofia iko wapi. Aliniambia ninyanyuke kidogo, akaivuta, akaivaa.

Kesho nitaificha ndani ya oveni.