Utepe Mlangoni kwa Bibi

Idara ya Nafuu ya Majumbani ina furaha kuutangazia umma kwamba hakuna mzee atakayetoka hospitali akaachwa ajihangaikie mwenyewe. Mpango huu umekamilika kwa asilimia mia moja, isipokuwa utekelezaji, ambao unasubiri uzinduzi.

Mimi ni Ofisa Itifaki wa Idara. Naeleza yaliyotokea ili watu waache kupotosha.

Mnufaika wetu wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Siku aliporudishwa nyumbani, mimi mwenyewe nilifunga utepe mwekundu mlangoni mwa chumba chake, usawa wa kifua. Kuukata kabla ya mgeni rasmi ni kosa. Kupita chini yake ni ruksa.

Mkwewe, mwenye mtoto mgongoni, aliutazama kisha akanitazama mimi. "Sasa mama atatokaje? Nyonga yake haiinami."

"Atatoka siku ya uzinduzi."

"Na msaidizi mliyemwahidi?"

"Yuko tayari kabisa."

Na kweli alikuwa tayari. Binti huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya ofisi yetu, mikono ameshanawa.

Daktari alikuwa amesema bibi atembee kila siku, la sivyo mguu utakauka na atarudi hospitali. Tuliuheshimu sana ushauri huo. Ila uzinduzi uliahirishwa, mara Mkurugenzi wetu, ambaye ndiye mgeni rasmi, yuko semina, mara anapumzika baada ya semina. Bibi akawa anatoka kitandani na fremu yake ya kutembelea, anafika dirishani, anageuza. Mkwewe akawa anapita chini ya utepe na beseni, na sahani, na sufuria ya maji ya moto, mtoto mgongoni akiuvuta utepe na kucheka.

Nilipokwenda kukagua fundo, bibi aliniita. "Wewe kijana, hivi mimi nimetoka hospitali au nimetoka kortini?"

Niliyapokea kama maoni ya mdau.

Hatimaye siku ikawadia. Mkurugenzi alifika na suti iliyombana, mpiga picha wa Idara akiwa mbele na msaidizi nyuma. Mimi nilibeba mkasi juu ya kimto.

"Mzee, mwanga mzuri uko upande wa dirisha," mpiga picha akasema. "Pita ndani, ukatie huko."

Mkurugenzi akainama. Alipofika katikati, tukasikia mlio kama kuni kavu inavunjwa. Akabaki vilevile, nusu chumbani, nusu koridoni.

"Mgongo," akanong'ona.

Tulimsukuma kwa heshima zote mpaka akaangukia kitanda cha bibi.

"Msaidizi, hebu niinue."

Msaidizi akanitazama. Sikuwa na la kufanya. "Mheshimiwa, huduma haianzi mpaka utepe ukatwe na mgeni rasmi akiwa wima. Kanuni umeipitisha wewe."

"Basi kata wewe."

"Mtumishi wa Idara, isipokuwa Mkurugenzi, hawezi kuwa mgeni wa Idara. Hiyo nayo ni yako."

Kwa hiyo mpiga picha hafai. Msaidizi hafai. Kitanda kikawa kinalia kila Mkurugenzi alipovuta pumzi.

"Mimi sijaajiriwa na mtu," bibi akasema kutoka dirishani, ameegemea fremu yake. "Na wima niko."

"Nakuteua, mama," Mkurugenzi akasema, jasho linamtiririka. "Nakuteua."

Bibi akajikongoja hadi mlangoni. Nikampa mkasi. Hakukata. Aliufungua na kuufunga, kama anayeujaribu makali.

"Mwanangu, huyu binti atakuja hapa kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Mpaka nitembee mwenyewe?"

"Mpaka ukimbie. Kata basi."

"Na yule mama wa mtaa wa nyuma? Katoka hospitali baada yangu, naye mmemfungia hivi hivi."

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Wote," akasema. "Wote waliofungiwa, wafunguliwe leo."

Bibi akakata. Tukapiga makofi. Msaidizi akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, bibi akavuka kizingiti.

"Na mimi je?" Mkurugenzi akaita.

"Subiri zamu yako, mzee," msaidizi akajibu. "Bibi yuko mbele yako."

Mkwewe alitaka kumtolea bibi kiti uani. Akamfungua mtoto mgongoni na kumlaza kifuani pa Mkurugenzi. "Nishikie kidogo, baba. Najua huendi popote."

"Usilale sana hapo," bibi akasema bila kugeuka. "Mguu utakauka."

Sauti zao zikaishia uani. Nami, kwa kuwa chumbani sasa kulikuwa na mnufaika mpya ambaye hajazinduliwa, nikaokota vipande vya utepe, nikaviunga, nikaanza kuufunga tena mlangoni, usawa wa kifua.