Mafuta ya Nywele Kwenye Chumba cha Oksijeni

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa! Nesi Ozeline anatafuta mgonjwa mkongwe wa kuwapa maelezo wageni wa chumba chetu cha oksijeni. Nani zaidi yangu? Naingia humo kila siku kutibiwa kidonda changu cha mguu tangu kabla ya Krismasi. Tatizo ni Bi Verna, mgonjwa mwenzangu, anavyojipitishapitisha kwa nesi na keki zake. Nafasi hii naitaka mno. Tangu nistaafu kwenye visima vya mafuta baharini, hapa mjini Houma hakuna anayeniuliza chochote.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribiwa. Nikamweleza mgonjwa mgeni, Hollis, kwamba mlango wa chuma ukifungwa ni kama kuzama kilindini, na masikio yanaziba hadi basi. Kabla sijafika kwenye kumeza mate ili yazibuke, Hollis alishafika kwenye gari lake! Bi Verna akamfuata. Akamwambia hewa itamgandamiza kidogo, masikio yakiziba apige miayo, na oksijeni atakayovuta itapelekwa na damu hadi kwenye kidonda. Hollis akarudi. Msaliti.

Jumatano, 12 Machi

Nesi kanipa nafasi ya mwisho: kesho anakuja mjane, Bi Earline. Bi Verna kaniona nikichana nywele. "Alcide babu, mwache mama wa watu. Anakuja kutibiwa, haji kuposwa!"

Wivu tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilieleza vizuri ajabu. Nguo za pamba tupu. Kiberiti marufuku, manukato marufuku, mafuta ya kujipaka hata tone marufuku, maana penye oksijeni nyingi hivyo cheche moja inatuteketeza sote. Bi Earline akasikiliza. Akanusa. Akauliza kwa upole, "Na hayo ya kichwani kwako je?"

Nesi alinikokota hadi kwenye sinki. Sabuni ya vyombo! Mafuta yakatoka, na rangi nyeusi ikatoka. Wenzangu wakafungiwa ndani, mimi nje na mvi zangu. Dirishani nikamwona Bi Verna akimfundisha Bi Earline kupiga miayo. Iliniuma sana.

Ijumaa, 14 Machi

Kazi kapewa Bi Verna. Nesi kaniapisha: nisirudie kuhatarisha watu, wala kukosa tiba wakati kidonda kinaanza kufunga. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Halafu Bi Earline kaniambia mvi zinanipendeza.

Mvi kavu! Zikipakwa mafuta itakuwaje? Nimepita dukani jioni. Safari hii nimechukua yasiyo na harufu.