Majiko ya Marehemu

Jumatatu, 6 Julai 1987
Siku ya nne bila mteja. Leo nimegundua mchawi wangu ni nani. Ni marehemu Baba! Amekuja mama mmoja wa Awasi, nikadhani anataka jiko. Wapi! Alipita tu kunisalimia. Akasema lile alilonunua kwa Baba mwaka wa sitini na tisa bado linapika. Baba alikata mapipa chakavu ya oili, bati nene, ribiti tatu za kushikilia kila mguu, huku akipiga mluzi. Mtaa mzima wa Kondele uliamka kwa nyundo yake. Lakini aliyenunua kwake harudi tena! Basi nimebuni langu: bati jembamba, ribiti moja kila mguu. Likifa baada ya miezi sita, mteja atarudi. Kichwa ninacho, jamani.

Jumatano, 8 Julai
Nimetengeneza kumi, nikayapaka rangi ya fedha. Yanameta! Wanyonyi, fundi wa ng'ambo ya barabara, akalitikisa moja, akaniuliza kama ni jiko au kofia. Wivu. Mke wangu Perez naye akahesabu ribiti, akaninunia. Akasema Baba angeona haya angelia. Kisha akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake Sondu. Eti atarudi siku jiko langu litakapobeba ugali wa watu kumi. Haya, aende.

Ijumaa, 10 Julai
Nyumba imenyamaza. Nimeunguza maharagwe mara mbili. Nakiri: namtaka Perez. Kesho naenda Sondu na zawadi ya mama mkwe, jiko halisi. Nimekata pipa nene, nikapiga ribiti tatu kila mguu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nikajikuta napiga mluzi wa Baba, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikalipaka rangi ya fedha pia, lipendeze, nikaliweka pamoja na yale mengine.

Jumamosi, 11 Julai
Aibu! Asubuhi mteja alinikuta nikikimbilia gari. Nikamuuzia jiko upesi, nikabeba jingine. Sondu nimepokewa vizuri, nikaketishwa sebuleni na wazee. Mama mkwe akaagiza ugali wa watu kumi upikwe juu ya zawadi yangu. Kupitia dirisha nikauona mguu wa jiko lile, mle jikoni ng'ambo ya ua. Ribiti moja! Nifanye nini? Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata nyumba iungue. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mzee mmoja akaniletea maji. Pwaa! Sufuria chini, ugali kwa mbwa. Mama mkwe akatoa jiko lake kuukuu, jeusi tii, ambalo Baba alimpa tulipopeleka mahari mwaka wa sabini na nne. Likapika ugali wote. Nimekula nikitazama viatu vyangu.

Jumapili, 12 Julai
Perez amebaki Sondu. Lakini mama mkwe ameniazima jiko la Baba, nikalitazame mpaka nipate akili. Wiki ijayo yeye na Perez watakuja kulichukua. Wakilikuta salama, na jingine nililotengeneza vilevile, Perez atabaki nyumbani. Nimelipakata njia nzima. Chini kuna alama tatu za patasi, sahihi ya Baba. Nimezipapasa mpaka Kondele. Nimeapa: ribiti tatu maisha yangu yote.

Alhamisi, 16 Julai
Ajabu! Nililiweka jiko la Baba mbele ya kibanda ili niige mfano wake, watu wakajaa. Kila mtu analitaka. Hawataki jipya, wanataka la marehemu! Basi nimeyakwangua rangi majiko yangu yaliyobaki, nikayamwagia maji ya chumvi yapate kutu, nikayafukiza moshi, nikapiga alama tatu chini, nikayapanga pamoja na la Baba. Ribiti moja inatosha: jiko kuukuu likivunjika, nani atalalamika? Leo yametoka manne. La kwanza amelichagua Wanyonyi mwenyewe. Aliyageuza yote, moja moja, akalipia bila kubishana, akaondoka akicheka.

Sasa nimehesabu ribiti za yaliyobaki. Moja. Moja. Moja. Yote!

Jumamosi Perez anakuja na mama yake. Si neno. Nitachagua lililozeeka vizuri, niseme ni lilelile. Nitawaomba tu wasilipikie ugali.