Shanta Nyepesi Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepima shanta zote sita za vijana wangu kwenye mizani ya ndoano. Kilo saba na ushee kila moja. Aibu. Mwalimu wa Hesabu, anayeongoza kundi la pili la klabu yetu ya kupanda mlima, anatangaza kila mahali kwamba za kwake ni kilo sita. Ijumaa Mwenyekiti atapima mbele ya watu, na kundi lenye shanta nyepesi ndilo litakalotangulia Jumamosi. Kiongozi wake ndiye atakayeongoza msafara wote. Mwaka jana nilikula vumbi la Mwalimu kutwa nzima. Mwaka huu atakula langu.

Si kiburi tu. Mpwa wangu, tunayemwita Sindano, ana miaka kumi na mitatu na uzito wa kuku. Mwaka jana mikanda ilimchubua mabega, akaketi darajani akilia, wenzake wakampita mmoja mmoja. Ameniomba mwaka huu atembee mbele. Nimemwahidi.

Nimeanza na vitu vidogo. Nimekata mipini ya miswaki. Nimekata lebo za nguo. Nimemimina sabuni kwenye vichupa vya dawa ya macho. Kazi ya saa nne. Kila shanta imepungua gramu mia moja na tisini, nami nimejikata kidole.

Jioni dada yangu, mama yake Sindano, alipita stoo ya klabu, ninayoitunza mimi, akitoka kwenye cherehani yake. Akasema mtoto ataenda kwa sharti moja: sweta la sufu na filimbi visitoke kwenye begi lake. Huko juu ukungu hushuka ghafla, na mtoto asiyeonekana lazima asikike. Nikaapa kwa mkono juu. Nilikuwa bado sijalipima hilo sweta.

Jumanne, 5 Agosti

Sweta: gramu mia tano na hamsini! Huko ni kubeba kondoo mzima. Koti la mvua: mia nne. Filimbi, tochi ya akiba na bandeji: mia mbili. Nimevitoa vyote, kwenye shanta zote sita, nikavifungia ndani ya kabati la chuma. Ufunguo ninao shingoni. Anga ni jeupe, na safari ni ya siku mbili tu. Nani amewahi kufa kwa siku mbili?

Sweta langu mwenyewe sikulitoa. Shanta ya kiongozi haipimwi, na kiongozi akiugua nani ataongoza?

Nimepima tena. Kilo tano na robo tatu. Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti

Karibu kilo saba. Zote sita.

Nilidhani mizani imeharibika. Nikaning'iniza pakiti ya unga ya kilo mbili. Ikasema kilo mbili. Nikafungua shanta ya kwanza. Sweta limo. Limekunjwa kwa uangalifu, mikono imepishanishwa juu ya kifua, mimi sikunji hivyo. Lina unyevu na baridi ya kitu kilichokaa chini ya jiwe. Kwenye kola kuna utando wa kijani kama ule wa mawe ya mtoni.

Kabati lilikuwa limefungwa. Nikalifungua. Tupu. Sakafuni palikuwa na alama za nyayo ndogo, pekupeku, za maji. Zinatoka kabatini mpaka kwenye shanta. Za kurudi hakuna.

Ni Mwalimu wa Hesabu. Nani mwingine? Kweli anavaa viatu namba arobaini na tano, lakini mtu mjanja anaweza kukanyagia ncha za vidole. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwendea shuleni. Akaniambia ana rundo la mitihani ya kusahihisha, na kwamba kama angetaka kunihujumu asingechagua njia ya kuwapa vijana wangu joto. Kisha akaniuliza kwa upole, kwani hayo masweta yalikuwa wapi? Nikakumbuka kwamba nina haraka.

Alhamisi, 7 Agosti

Kabati nimeliacha. Leo nimetoa vitu vyote, nikavipeleka kwa fundi baiskeli, upande wa pili wa mji. Ni rafiki yangu, haulizi maswali. Akavitia kwenye kreti, akaketi juu yake na kuendelea kuziba pancha.

Saa nane mchana nilikuwa stoo. Jua linawaka, mlango wazi, watu wanapita barabarani wakicheka. Nikaning'iniza shanta ya Sindano. Kilo tano na robo tatu. Nikarudi hatua tatu kuchukua kalamu.

Mshale ukasogea. Taratibu. Ukasimama. Ukasogea tena. Ilikuwa kama mtu anapanga nguo moja moja na hataki zijikunje. Kitambaa cha shanta kikawa kinavimba kidogo kidogo. Sikuona mtu. Nikasikia meno yakigongana kwa baridi, karibu kabisa na ndoano, na hayakuwa yangu. Yangu nilikuwa nimeyakaza.

Niliogopa. Naandika ukweli, hili ni daftari langu. Nywele zilinisimama. Kisha nikasoma mshale: kilo saba kasoro. Hofu ikageuka hasira. Mimi nimetoka jasho kuzipunguza!

Nilikimbia mpaka kwa fundi baiskeli. Bado ameketi juu ya kreti. Anaapa hajainuka hata kwenda haja. Tukaifungua. Tupu, na chini yake maji. Fundi ameniomba nisimletee tena mizigo yangu.

Nikarudi kupekua daftari la zamani la stoo, nione kama kuna mwingine aliyepewa ufunguo. Habari za ufunguo sikuzipata. Nilipata ukurasa wa miaka mingi kabla yangu. Shanta sita zimetoka kwenda mlimani. Pembeni, kwa mwandiko safi, mtunza stoo wa wakati huo ameandika kwamba masweta na filimbi vimeachwa, ili kupunguza uzito. Chini yake: zimerudi shanta tano. Ya sita ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Nafasi yake imeachwa wazi.

Kumbe mwenzangu alikuwa na akili kama yangu, tena zamani zile! Ila kuacha nafasi wazi kwenye daftari ni uzembe.

Ijumaa, 8 Agosti

Siri ni kasi. Nimegundua kwamba huyo anayerudisha, awe nani, huchukua muda. Kwa hiyo nilivitoa vitu dakika tano kabla ya kupimwa, nikavitupa nyuma ya stoo, nikakimbia na shanta zikiwa bado za moto.

Mwenyekiti, muuguzi mstaafu asiyecheka, akapima za Mwalimu kwanza. Kilo sita kamili. Kisha zangu. Tano na robo tatu. Tano na robo tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Sindano, na macho yangu yakaona mshale ukianza kutetemeka kupanda. Nikasema inatosha, nikaishusha mwenyewe. Tumeshinda! Mwalimu akanipa mkono. Niliupapasa kutafuta maji ya stoo; ulikuwa mkavu, bahati mbaya.

Jambo moja tu. Mwenyekiti aliwahesabu vijana wangu akapata saba. Nikamwambia ni sita. Akauliza yule wa mwisho pale, mwenye nywele zilizolowa, mbona hana begi. Nikageuka. Ukuta. Akahesabu tena, akapata sita, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Sindano alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba sweta lake halimo na mama ataliulizia. Nikamwambia yote ninayo mimi, ndani ya shanta yangu. Aliniamini palepale. Niliona haya. Ilinikaa mpaka chakula cha mchana.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi. Nitaandika kwa ufupi.

Usiku wa Ijumaa vitu havikurudi; nikajua kasi yangu imemshinda. Jana tulitangulia. Sindano alikuwa mbele ya wote, shanta inarukaruka mgongoni, anageuka kila mara kunichekea. Sijawahi kumwona na furaha ile. Saa tisa alasiri ukungu ukashuka kama mtu amefunika sufuria. Nikanyoosha mkono, sikuuona. Nikamwita Sindano. Kimya. Nikamwita tena. Baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na vijana watano wakaniuliza masweta yako wapi.

Kundi la Mwalimu likatufikia, wakafungua makoti yao na kuwaingiza wangu ndani, wawili wawili. Mwalimu hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza. Mimi nilikuwa nalia na kuita jina la mtoto wa dada yangu, na ndani ya kichwa nilikuwa tayari nasimama mlangoni kwake, bila yeye.

Kisha filimbi. Mara tatu, kimya, mara tatu. Si ya kundi la Mwalimu. Zao zilikuwa shingoni mwao, tulizitazama. Tukaifuata kwa kushikana mikono. Sindano alikuwa ameketi chini ya mwamba, miguu ameikunja. Hatua moja mbele yake ardhi ilikuwa imeisha. Alikuwa amevaa sweta langu, linamfika magotini.

Nikafungua shanta yangu niliyoibeba mgongoni tangu asubuhi. Sweta halimo. Nguo nyingine zimekunjwa upya, mikono juu ya kifua.

Sindano alisema kuna dada mmoja alimshika asiendelee, akamvalisha, akapiga filimbi. Mikono yake ilikuwa ya barafu. Alimuuliza ni nani aliyetoa vitu kwenye begi lake. Sindano akamwambia ni mjomba. Basi yule dada akabaki tu anatazama upande tuliokuwa tunatokea.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya pekee! Mwenyekiti amenisifu mbele ya klabu nzima kwa kumvalisha mpwa wangu sweta langu mwenyewe. Nikainamisha kichwa. Dada amenikumbatia akilia, amelichukua sweta kwenda kulifua. Mwalimu wa Hesabu alinitazama sana. Wivu.

Na mimi nimefikiri. Vitu vinakuja vyenyewe vinapohitajika. Sasa tunabeba vya nini? Mwezi ujao ni safari ya watoto wadogo, arobaini kwa jumla, na Mwenyekiti ameniachia mimi maandalizi yote. Hatutabeba hema. Hatutabeba mifuko ya kulalia. Kilo mbili kila shanta! Hakuna klabu duniani iliyofika hapo.

Ila kazi ni kazi, na mtu huombwa kwa adabu. Asubuhi nimemwandikia yule msichana orodha: hema kumi, mifuko ya kulalia arobaini, masweta arobaini ya saizi ndogo, tafadhali vikauke kwanza. Nimeiacha stoo juu ya meza.

Mchana nimeikuta imelowa. Chini ya maandishi yangu ameongeza mstari mmoja: njoo uvichukue mwenyewe, palepale mwambani.

Amekubali! Nitapanda Jumamosi, peke yangu. Sweta langu bado liko kwa Dada na sitaki la kuazima. Nahitaji nafasi yote ya kurudi na mzigo. Filimbi pia naacha. Nimepima shanta yangu ikiwa tupu: gramu mia tisa. Sijamwambia mtu yeyote niendako. Mwalimu akijua, ataiga.