Gauni la Mwalimu Mkuu Lililopimwa Kwenye Kioo

Jumatatu, 9 Machi

Bado wanacheka. Nimeingia dukani na tableti niliyopewa na mjomba, Kidole akauliza kwa sauti, eti nimeleta sinia, chai iko wapi? Wateja wakacheka. Mpiga pasi naye akacheka mpaka akaunguza kola. Huwa nanyamaza, halafu naandika.

Kidole ni fundi mwenzangu. Jina kalipata kwa sababu kidole chake hakitoki kwenye simu. Simu yenyewe ndogo kama kipande cha sabuni cha wiki iliyopita. Anawaonyesha wateja mitindo humo, wanakodoa, wanauliza hiyo ni shingo ya V au ni ufa wa kioo. Mtaalamu huyo!

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye mwenye duka. Leo katangaza anafungua la pili, na mmoja wetu atalisimamia. Kasema tulete hivyo vioo vyetu tunavyobishania, simu na tableti. Atakayehudumia wateja vizuri wiki hii ndiye atapewa ufunguo. Duka! Meza yangu mwenyewe! Hakuna wa kuniita "we dogo, lete uzi"!

Kasoro moja tu. Msimamizi hupima wateja. Mimi nikishika futi mbele ya mwanamke, jasho linadondokea namba.

Jumanne, 10 Machi

Kidole kasema simu inaingia mfukoni, tableti haiingii popote. Haiingii? Mimi si fundi? Nimejishonea mfuko kifuani, upana wa shati zima. Tableti imeingia bila tatizo. Ila shati linavuta mbele, ukosi unanikaba, natembea kama mtu anayeomba msamaha. Mpiga pasi kaniuliza kama nina kiungulia. Wivu tu.

Nimemchunguza Kidole kutwa nzima. Simu imelia mara kumi na saba. Kila ikilia, mkasi unapinda. Tableti yangu haina laini, hailii, haimsumbui mtu. Wateja wawili wamelalamika kwamba walinitafuta hewani hawakunipata. Si wangekuja? Miguu wanayo.

Jumatano, 11 Machi

Nimewaacha mbali!

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani kaleta kitambaa cha kijani. Anataka gauni la kuvaa Jumamosi kwenye kikao cha wazazi. Kidole alikuwa anaongea na simu, kwa hiyo mama mkubwa akanisukuma mbele, haya mwanangu, mpime mwalimu.

Sikushika futi. Nilimwomba asimame ukutani, anyooshe mkono mbele, ashike rula. Nikapiga picha. Nikakaa mezani, nikaikuza picha mpaka rula ya kwenye kioo ikalingana sawasawa na rula yangu. Basi nikapima kiuno palepale juu ya kioo. Nikazidisha mara mbili, mbele na nyuma. Darasa la tano niliishia njiani, lakini kuzidisha najua. Sijamgusa mtu! Hata tone la jasho!

Kwenye sabuni ya Kidole kingeenea kitovu peke yake. Kwangu kiuno kimeenea chote. Nilishangaa kidogo, mama mpana vile kuwa na kiuno chembamba hivi. Kumbe macho ya watu ni waongo. Nimekata kitambaa.

Ijumaa, 13 Machi

Mwalimu kaja kujaribu. Kaingia nyuma ya pazia. Kisha sauti:

"Fundi, hili ni la mwanafunzi wangu yupi?"

Nikamwambia avute pumzi, litashuka. Akajibu pumzi ya kuvuta hana, na mikono imekwama juu. Mama mkubwa na mpiga pasi wakaingia, wakamchomoa kama mto kwenye foronya iliyolowa.

Kidole akaomba kuona picha. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti rula ilikuwa karibu na kamera na mwalimu yuko mbali ukutani, kwa hiyo rula ikawa kubwa, mwalimu akawa mdogo. Eti hata njiti ya kiberiti ukiisogeza kwenye jicho inaziba nyumba. Mjuaji! Pindo lenyewe hajawahi kulinyoosha!

Halafu akachukua futi, akampima mwalimu dakika mbili huku anampigisha stori, namba akaandika kwenye kiganja. Akaongeza vipande ubavuni. Mpaka jioni gauni limemkaa mwalimu, anajigeuza kwenye kioo, anamwita Kidole baba. Na simu hakuigusa kabisa! Tulishindanisha nini sasa? Huo ni wizi wa mchana.

Jumamosi, 14 Machi

Ufunguo kapewa Kidole. Kauning'iniza shingoni kama medali.

Mama mkubwa kaniita pembeni. Hakufoka, ndiyo ikauma zaidi. Kasema, mwanangu, mchagua jembe si mkulima. Sijui jembe limeingiaje hapa, sisi ni washonaji. Kaongeza kwamba Jumatatu anakuja mke wa mwokaji mikate, nimpime mimi mwenyewe. Nikiharibu na hilo, kuanzia Jumanne nakaa pembeni natia vifungo, basi. Nimeitikia, sawa mama.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Kosa nimeliona. Tableti nayo ni ndogo! Kidole na simu yake, mimi na tableti yangu, wote tulikuwa watoto. Mke wa mwokaji nitamwambia aisogeze rula mbele zaidi, ionekane vizuri.

Niishie hapa, lazima niende. Fundi televisheni anafunga saa tisa, na kaniahidi kuniazima moja kubwa, mtu mzima anaenea kuanzia shingoni mpaka magotini. Chini ya magoti nitakisia.